Kimuli imejibu maswali mengi. Nani ataijibu Kimuli?

Ukitaka kujua kama kikundi cha wakulima kiko hai au kimebaki jina tu, usimuulize mwenyekiti. Mwombe katibu daftari. Kwa vikundi vingi vya Karagwe na Kyerwa hilo ni kauntabuku la jalada gumu, limehifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni lisije likalowa, na kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula: namba, jina, hisa, faini, mfuko wa jamii, sahihi au dole gumba. Baada ya mahesabu inafuata mihtasari ya vikao. Kufungua kikao, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, mengineyo, kufunga.

Mimi huanza na yatokanayo. Hapo ndipo panapoandikwa nani alitumwa Nkwenda kuulizia mbolea na amerudi na habari gani, nani aliahidi mbegu ya maharage na kama ameileta, nani bado anadaiwa faini ya kuchelewa. Kikundi kilicho hai hakikubali jambo lipotee kati ya kikao kimoja na kingine. Sasa tafuta ukurasa wa siku alipokuja mgeni wa mradi. Aghalabu utakuta mahudhurio yamejaa, hotuba imenukuliwa kwa kirefu, na maswali ya mgeni yamejibiwa yote: una ekari ngapi, ulivuna magunia mangapi, nani nyumbani ana simu, nani anaamua fedha ya kahawa itumikeje. Geuza kurasa hadi kikao kilichofuata, kisha cha baada yake. Kwenye yatokanayo, juu ya ugeni ule, hakuna neno.

Tumezoea kuzungumzia njia za mawasiliano vijijini: redio, simu, programu za simu, makundi ya WhatsApp. Kila mradi unakuja na njia yake na fulana zake. Njia si haba. Kinachokosekana ni jibu. Taarifa ya mkulima wa Kimuli inapanda vizuri hadi Rubwera, Bukoba, Dodoma na hata ng'ambo. Wakati wa kurudi ndipo inapoishiwa nauli.

Kimuli ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania. Kabla ya Kyerwa kuwa wilaya mwaka 2012, ilikuwa sehemu ya Karagwe. Mgawanyo ule ulihamisha ofisi kutoka Kayanga kwenda Rubwera, lakini ndugu, makanisa, magulio na masafa ya redio yalibaki yale yale. Wilaya imepakana na Uganda kwa kaskazini, na kwa magharibi ukivuka Mto Kagera uko Rwanda. Watu wanaishi kwa migomba na kahawa ya robusta, wakichanganya na maharage, mahindi na mihogo. Kikao cha kikundi kinaweza kufunguliwa kwa Kiswahili, kikachambuliwa kwa Kinyambo, na mjumbe mmoja akatoa hoja yake kwa Kinyarwanda bila mtu kushtuka. Mgeni akiwapo, Kiswahili kinatawala na kila mtu anakubaliana na kila mtu. Mgeni akishapanda gari, mkutano wenyewe unaanza.

Mkoa uliohojiwa sana

Kagera si mkoa uliosahauliwa na wenye kalamu. Mwaka 1991 Benki ya Dunia na wataalamu wa Muhimbili walianza kuzihoji kaya 915 katika vijiji 51 vya mkoa huu, ili kujua vifo vya watu wazima kutokana na Ukimwi viliziachaje familia. Walirudi mara kadhaa hadi 1994. Mwaka 2004 wakafuatiliwa tena watu wale wale, na 2010 tena, pamoja na waliokuwa wamehamia mikoa mingine na hata nje ya nchi. Ni nadra kupata sehemu ya Afrika vijijini ambayo maisha ya watu wake yamefuatiliwa kwa muda mrefu namna hiyo.

Mwaka 2000 mchumi Joachim De Weerdt alikwenda kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini ya wakati ule, chenye kaya 119, akamuuliza kila mtu mzima swali ambalo hakuna afisa aliyewahi kuliuliza kwa makini: ukipata shida, unamwendea nani, na nani anakujia wewe? Majibu yakachorwa kama ramani ya mahusiano. Leo wanafunzi wa uchumi katika vyuo vya mbali wanaijua Nyakatoke kuliko wanavyoijua Bukoba mjini. Ramani ile ilionyesha kwamba watu hushikamana kwa udugu, ukoo, dini na ujirani wa nyumba, na kwamba kaya maskini zina mtandao mwembamba kuliko kaya zenye uwezo.

Jambo hilo la mwisho ningependa libandikwe ukutani katika kila ofisi ya mradi. Miradi mingi ya kilimo imejengwa juu ya imani kwamba ukimfundisha mmoja, atawaambia wengine. Kweli atawaambia, lakini atawaambia anaokaa nao, anaosali nao, anaokunywa nao rubisi. Mama mjane mwenye kibanja kidogo ukingoni mwa kijiji, ambaye hana hisa kwenye kikundi kwa sababu hana elfu mbili ya kila wiki, habari itamfikia mwisho, ikiwa imekatwa mkia. Mradi utaandika kwamba wanufaika ni kijiji kizima. Yeye hayumo.

Naharakisha kusema kwamba utafiti wa namna hiyo si kazi bure. Bila huo hata hoja hii nisingekuwa nayo. Ila angalia nimeipata wapi. Nimeipata kwenye maandishi ya Kiingereza. Mwenyekiti wa kikundi cha Kimuli, ambaye ingemsaidia kupanga upya nani amtembelee nani, hana njia ya kuipata.

Wazee wa huku wanakumbuka kipindi ambacho mambo yalipangwa kwa namna nyingine. Mwaka 1973, mkoa ukiitwa bado Ziwa Magharibi, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kijitabu kinasomwa kwa sauti, watu wanajadiliana, kisha wanaamua: wiki hii tunachimba choo cha nani, kisima gani kinafyekwa. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai. Magazeti ya vijijini nayo yalichapishwa kwa ajili ya waliotoka kujifunza kusoma; la Kanda ya Ziwa liliitwa Elimu Haina Mwisho, likitolewa Mwanza.

Sitaki kuipamba enzi ile. Sauti ilitoka Dar es Salaam na mkulima hakuwa na namna ya kumkatiza mtangazaji. Lakini wapangaji wale walijua jambo moja ambalo wengi wamelisahau: redio peke yake haimalizi kazi. Kazi inamalizwa na saa moja ya mazungumzo baada ya redio kuzimwa, na mtu wa kuiongoza saa hiyo alikuwa ameandaliwa.

Shamba darasa lilipofika Kagera lilisogeza jambo hilo mbele. Mtindo huu ulianza kwenye mashamba ya mpunga ya Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, na mwishoni mwa miaka ya 1990 Bukoba ilichaguliwa kuwa moja ya wilaya za majaribio Afrika Mashariki, pamoja na sehemu za magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda. Watu kati ya 20 na 30 hukutana kwenye shamba moja siku ile ile kila wiki. Wanagawanyika, wanaingia kati ya mimea, wanahesabu wadudu, wanapima majani. Kisha wanakaa chini ya mti na kuchora walichokiona kwenye karatasi kubwa: mmea katikati, wadudu waharibifu upande huu, wadudu marafiki upande ule, jua au mvua juu. Asiyejua kuandika anachora, na mchoro wake unabishaniwa sawa na wa mwalimu. Utafiti wa Kristin Davis na wenzake uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha Kenya, Tanzania na Uganda, ulikuta kwamba waliopita shamba darasa walipandisha mavuno na kipato, na faida ilionekana hasa kwa wanawake na kwa wenye elimu ndogo.

Haishangazi. Katika shamba darasa jibu halisafiri. Umeuliza Jumanne kama mboji inazidi mbolea ya dukani, baada ya wiki chache mgomba wenyewe unakujibu mbele ya wenzako wote. Mradi wa FAO wa bonde la Mto Kagera, ulioendeshwa katika nchi nne kuanzia 2010, ulitumia mtindo huo huo kwa hifadhi ya udongo na maji, na Karagwe ilikuwamo. Udhaifu wake unajulikana pia: unahitaji mwezeshaji anayekuja kila wiki, na mwezeshaji anahitaji mafuta ya pikipiki. Fedha ikikatika, darasa linabaki shamba.

Mgonjwa anayefichwa

Hakuna kilichofundisha juu ya habari za vikundi katika mkoa huu kama mnyauko wa migomba. Ugonjwa huu wa bakteria uliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka 2006 ukathibitishwa Kagera. Kwa watu ambao mgomba ndio chakula, pombe, fedha ya dharura na kivuli cha makaburi ya familia, ilikuwa habari ya msiba.

Dalili zake kila mkulima anazijua sasa. Majani yanageuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ua dume linasinyaa. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata moja unakuta ndani rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda linatoa majimaji mazito ya njano. Hakuna dawa ya kupuliza. Ugonjwa unabebwa na nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume, unabebwa na machipukizi ya kupanda, na zaidi ya yote unabebwa na panga.

Elimu ya kujikinga ilikuwa rahisi, na ilienea vizuri. Unatafuta mti mrefu wenye panda. Chane ya mwisho ikishatoka, unaiingiza panda kwenye kikonyo cha ua dume, unazungusha mara moja, ua linaanguka bila chuma kugusa mgomba. Panga unalolazimika kulitumia unalichovya kwenye JIK iliyochanganywa na maji au unalipitisha kwenye moto kabla ya kwenda shina jingine. Panga la jirani huazimi. Vikundi vilifundishana hayo kwa vitendo, kibanja kwa kibanja, na mtafiti wa kituo cha Maruku au afisa ugani alikuwa na kitu cha kuonyesha kwa mikono yake.

Ugumu ulikuwa kwenye sharti la pili. Ukiona mgomba mmoja umeugua, ng'oa shina zima, mama na watoto wake, kisha zika. Anayejua uzito wa shina la mgomba la miaka 20 anaelewa hiyo ni kazi ya siku ngapi kwa mjane na jembe lake. Halmashauri zikaongeza kampeni na sheria ndogo, na sheria ndogo maana yake ni faini. Sasa jiweke mahali pa mkulima ambaye asubuhi ameona jani moja la njano. Akisema, atang'oa chakula cha watoto. Akisema, jirani hatapokea tena machipukizi yake. Asiposema, huenda ni jua tu. Atasema nini kwenye kikao? Atasema kwangu kuko salama, na katibu ataandika.

Watu wa miradi huliita tatizo la uelewa. Mimi naona uelewa ulikuwapo, tena mwingi. Mkulima alielewa kabisa kwamba taarifa yake itamrudia kama adhabu. Mahali ambapo kusema kunagharimu kuliko kunyamaza, watu watanyamaza, na hapo hata ukigawa simu kwa kila kaya hutapata ukweli.

Nafuu ilitoka mashariki mwa Kongo. Watafiti waliofanya kazi na wakulima wa Kivu walionyesha kwamba si lazima bakteria wasambae katika mashina yote ya familia moja ya mgomba. Ukikata lile lililougua peke yake, chini kabisa usawa wa ardhi, ukarudia kila unapoona jingine, kiwango cha ugonjwa kinashuka na kibanja kinabaki kinazaa. Ushauri huo mpya haukuwa na masharti ya kutisha. Mkulima angeweza kusema ameona mgonjwa na bado akala jioni. Naamini mabadiliko hayo ya ushauri yamefanya zaidi kwa uwazi wa vikundi kuliko semina zote za mawasiliano.

Mihogo nayo ina kisa chake. Batobato kali ilishuka kutoka Uganda na kufika Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha michirizi ya kahawia ikafuata katika Kanda ya Ziwa. Kati ya 2007 na 2012 shirika la CRS liliendesha mpango wa mihogo wa Maziwa Makuu katika nchi sita. Ndani yake, kuanzia 2009, taasisi ya utafiti ya IITA na kituo cha utafiti cha Ukiriguru walijaribu jambo ambalo wakati ule lilionekana la ajabu. Vikundi vya wakulima wa Kanda ya Ziwa vilifundishwa kutambua magonjwa hayo mawili, kisha kila mwezi vilituma ujumbe mfupi wa simu kueleza walichokiona mashambani. Simu zenyewe zilikuwa za kawaida, zenye vitufe na tochi, na mradi uliweka salio. Pale ujumbe ulipoonyesha hatari, wataalamu walifunga safari kwenda kuhakiki shambani.

Hiyo safari ya kuhakiki ndiyo iliyoupa mfumo ule uhai. Mtu ametuma herufi chache, na wiki kadhaa baadaye gari linasimama kwenye shamba lake, mtaalamu anapindua majani na kumwambia hapa uko sawa, hapa umekosea. Akituma tena, anajua kuna anayesoma. Mpango ulikwisha mwaka 2012 kama miradi inavyokwisha, na namba ya kutuma ujumbe haina maana tena. Uwezo wa kutambua magonjwa ulibaki vichwani mwa watu. Mahali pa kuupeleka ndipo palipofungwa.

Ng'ambo ya mto, Rwanda ilijaribu baadaye programu ya simu kwa ajili ya mnyauko wa migomba. Waliokuja nayo waliona mapema kwamba simu janja hazipo mikononi mwa wakulima wengi, wakaamua iwe chombo cha wahamasishaji wa vijiji, wakulima wenzao wanaokwenda shamba kwa shamba. Ni uamuzi wa busara. Sisi huku mara nyingi tunafanya kinyume: tunatengeneza programu kwanza, halafu tunamtafuta mkulima wa kuipiga picha akiwa ameishika.

Habari njema husafiri usiku

Karagwe ina bahati ya redio yake. FADECO, taasisi iliyoanzishwa na Joseph Sekiku, imekuwa ikirusha matangazo kutoka Karagwe tangu 2007, na UNESCO iliiingiza katika mpango wake wa kuziimarisha redio za jamii. Faida kubwa ya redio ya namna hiyo ni kwamba mtangazaji anajulikana nyumbani kwake. Akitangaza bei isiyo sahihi, atakutana na mwenye hasira gulioni Omurushaka. Msikilizaji anapiga simu, au anabip apigiwe, anauliza jambo la shambani kwake, na bwana shamba aliyeko studio analazimika kujibu papo hapo, watu wakisikia.

Kuna kikwazo ambacho hatukizungumzii sana. Kanuni za utangazaji nchini zinataka Kiswahili au Kiingereza. Kwa umoja wa taifa nina heshima na kanuni hiyo. Lakini bibi wa Kimuli anayeelewa Kinyambo vizuri kuliko Kiswahili akizungusha kitufe anakamata stesheni za Uganda zinazozungumza Kinyankole, ambacho ni kama cha nyumbani kwake, zikimpa bei za Uganda na mashauri ya Uganda. Baada ya hapo tunashangaa kahawa inavuka mpaka.

Na kahawa inavuka kwa sababu ya habari. Neno la bei nzuri ng'ambo linafika Kimuli usiku huo huo, kwa simu ya dereva wa bodaboda au ya shemeji. Bei ya chama cha msingi huandikwa kwa chaki ubaoni, na kwa miaka mingi ilichelewa, huku malipo ya pili yakichelewa zaidi. Katikati ya ukimya huo ndipo ilipostawi butura, ile biashara ya kununua kahawa ikiwa bado ua au mbichi mtini kwa fedha ya kutupa. Mwenye mtoto anayekwenda shule Januari huuza kahawa ya Julai. Mnunuzi wa butura anajua bei ya Mbarara, ya Kayanga na ya London. Muuzaji anajua ada ya shule tu.

Minada ya kahawa iliyoanza kuendeshwa mwaka 2024 kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania imebadili hali hiyo kwa kiasi. Vyama vya msingi chini ya KDCU, ushirika wa Karagwe na Kyerwa, vinakusanya kahawa, wanunuzi wanashindana kwenye mfumo, na bei inasomwa mbele ya wakulima wenyewe, ambao wana haki ya kuikataa. Kahawa ya maganda iliyokuwa ikizunguka shilingi elfu moja na mia kadhaa kwa kilo miaka michache nyuma ilivuka shilingi 4,000. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni soko la dunia, maana robusta ilipanda kila mahali mwaka ule. Hata hivyo angalia kilichotokea kwenye uwanja wa mnada: kwa mara ya kwanza wakulima wengi waliisikia bei ikizaliwa badala ya kuletewa ikiwa imekomaa. Simuoni mchuuzi wa butura akifurahia hilo.

Makundi ya WhatsApp yamesaidia pia, na sitayabeza. Picha ya jani lenye ugonjwa inamfikia afisa ugani ndani ya dakika, na tangu Serikali ilipogawa pikipiki kwa maelfu ya maafisa hao mwaka 2022, wapo wanaofika. Lakini fungua kundi la kikundi chochote uhesabu. Wanachama wengi ni wanawake, kwenye kundi la simu wengi ni wanaume. Simu janja ya nyumbani ni ya baba, bando ni la baba, na ujumbe wa kikao cha wanawake unamfikia mama pale baba atakapokumbuka. Humo humo kati ya tangazo la mbolea ya ruzuku na tangazo la msiba mtu ametupia dawa ya ajabu ya mnyauko aliyoitoa asikojua, na hakuna anayemwuliza. Kwenye kikao chini ya mti angeulizwa.

Ndiyo maana nasema kauntabuku lile kwenye mfuko wa nailoni bado ni chombo kikuu cha mawasiliano kuliko vyote. Lina tarehe, lina sahihi, halihitaji chaji, na linasomwa kwa sauti mbele ya wote, wakiwamo wasiojua kusoma. Anayetaka kusaidia vikundi vya Kyerwa angeanza kwa kuliheshimu. Matokeo ya utafiti yangefupishwa kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja na kubandikwa humo. Fedha ya safari ya kuleta majibu ingewekwa kwenye bajeti kabla ya fedha ya fulana. Na siku ya kuleta majibu isikilize pia walio nje ya kikundi, kwa sababu wao ndio waliokosekana siku ya maswali.

Halmashauri ya Kyerwa haihitaji mfadhili kwa hili. Inaweza kutoa agizo jepesi: hakuna mradi wala mtafiti anayeingia kijijini kuhoji vikundi bila kuacha kwa mtendaji wa kijiji barua inayotaja tarehe ya kurudi na majibu. Asiporudi, mara ya pili asipokelewe.

Nanyi makatibu wa vikundi, Kimuli na kwingineko, msisubiri agizo. Akija mgeni na dodoso lake, mkaribisheni, mmpe kiti, mmjibu kwa ukweli. Kabla hajafunga mkoba, mwombeni aandike kwa mkono wake, kwenye daftari lenu, ni lini ataleta majibu, na aweke sahihi. Kisha ingizeni jambo hilo kwenye yatokanayo ya kikao kijacho, na cha baada yake, hadi arudi.